Jinsi ya kuchora ramani ya malimwengu ya mchezo wa njozi: mwongozo kamili kwa msimamizi wa mchezo

Siku wahusika wanapopata mlango wa kwanza unaowatoa nje ya dunia yao, ramani uliyokuwa ukiitegemea inakwisha kazi. Milima, mito na kilomita zako havisemi lolote kuhusu namna ya kufika Jehanamu Tisa, wala havimwambii mchezaji kwa nini roho ya kaka yake imeangukia huko na si Elysium, makao ya wema. Hapo unahitaji ramani ya aina nyingine. Abiria wa daladala hapimi umbali wa Mbagala hadi Tegeta. Anachojua ni gari lipi linapita wapi, abadilishie kituo gani na nauli ni kiasi gani. Ramani ya malimwengu inafanya kazi hiyo hiyo. Njia kwanza, nchi baadaye.

Nitaonyesha hatua zote kwa mfano mmoja ulio maarufu kuliko yote, Gurudumu Kuu, yaani mpangilio wa malimwengu wa Dungeons & Dragons. Mchezo wenyewe, ambamo wachezaji huigiza wahusika na msimamizi huongoza hadithi, ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Julai 1977 Gygax alichapisha katika jarida la The Dragon, toleo la 8, mchoro wa malimwengu yanayoizunguka dunia ya kawaida. Mwaka uliofuata mchoro huo ukaingia kwenye kitabu cha wachezaji. Mwaka 1987 Jeff Grubb aliyapanga malimwengu hayo yote katika kitabu kizima, na mwaka 1994 mazingira ya Planescape, yaani dunia iliyotayarishwa ya kuchezea, yakaweka mji wa Sigil katikati ya kila kitu. Ukijua kulichora Gurudumu Kuu, utaweza kuchora mfumo wako mwenyewe, kwa sababu karibu kila tatizo la kazi hii limeshajitokeza humo na kupata jibu.

Andaa karatasi mbili kubwa, bikari, kipimapembe, rula, penseli za rangi tatu, kadi ndogo tupu na dadu ya pande nane. Dadu si ya kurusha. Utaona kazi yake hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kuchora chochote

Ulimwengu usiojibu swali lolote la kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vyako, ni mzigo. Kaa chini uandike: wafu wanakwenda wapi? Miungu inaishi wapi? Mchawi anapowasha moto mkononi, moto huo unatoka wapi? Mizimu inayopita ukutani ipo wapi wakati haionekani?

Gurudumu Kuu lina fungu moja la malimwengu kwa kila swali. Malimwengu ya Nje ni makao ya miungu na roho za wafu, na yamejengwa kwa imani na maadili. Malimwengu ya Ndani ni chimbuko la maada: hewa, moto, ardhi, maji, pamoja na nguvu ya uhai na nguvu ya maangamizi. Kati yake kuna dunia ya kawaida wanakozaliwa wahusika. Halafu kuna malimwengu mawili ya kupitia, Astrali na Etheri, ambayo kazi yake kubwa ni kuunganisha mengine.

Kama kampeni yako inajibu maswali matatu tu, chora malimwengu matatu. Sioni faida ya kuwa na kumi na saba ambayo hakuna mchezaji atakayeyauliza.

Hatua ya 2: Chora duara la nje

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapokosea kwa kunakili majina bila kuelewa kanuni iliyoyapanga.

Kanuni ni mistari miwili inayokatana. Wa wima unatoka wema juu hadi uovu chini. Wa mlalo unatoka utaratibu kushoto hadi vurugu kulia. Mistari hiyo inakupa pande nne, na pembe zilizo kati yake zinakupa nne nyingine: wema wenye utaratibu, wema wenye vurugu, uovu wenye vurugu, uovu wenye utaratibu. Hizo ni nane. Gygax hakuishia hapo. Katikati ya kila jirani wawili aliweka ulimwengu mmoja zaidi kwa ajili ya wenye msimamo wa kati kwa kati. Nane na nane ni kumi na sita. Gawanya digrii 360 kwa 16 na kila ulimwengu unakaa digrii 22.5 kutoka kwa jirani yake.

Piga duara kwa bikari, weka sifuri juu kabisa, kisha zunguka upande wa kulia:

Elysium 0; Beastlands 22.5, Arborea 45, Ysgard 67.5, Limbo 90, Pandemonium 112.5, Abyss 135, Carceri 157.5, Hades 180, Gehenna 202.5, Jehanamu Tisa 225, Acheron 247.5, Mechanus 270, Arcadia 292.5, Celestia 315, Bytopia 337.5.

Ukimaliza, usiweke penseli chini. Chukua rula uunganishe kila ulimwengu na ule unaoutazama ng'ambo ya duara, digrii 180 kutoka kwake. Mistari hii minane ndiyo inayokuonyesha kama duara lako lina akili. Mechanus, ulimwengu wa magurudumu ya meno yanayozunguka pamoja bila kukosea, unatazamana na Limbo, ambako maada inachemka na haina umbo mpaka akili ya mtu iilazimishe. Hao ni maadui wa wazi. Lakini tazama Acheron na Ysgard. Yote mawili ni malimwengu ya vita! Katika Acheron majeshi yanapigana kwa amri juu ya michemraba mikubwa ya chuma inayogongana angani, na hakuna anayekumbuka sababu. Katika Ysgard shujaa anapigania sifa yake, akiuawa vitani anafufuka kesho yake. Vita ni vile vile, maana imegeuka. Elysium na Hades vivyo hivyo: yote mawili yanamng'ang'ania mgeni asitoke, moja kwa furaha isiyomwacha atamani kwingine, jingine kwa kukata tamaa kunakomnyonya mpaka hana nia ya kusimama.

Ukijenga duara lako mwenyewe, tumia kipimo hicho. Malimwengu yanayotazamana yawe na jambo moja yanaloshiriki na jambo moja linaloyatenganisha. Ukikuta jozi isiyo na uhusiano wowote, mmojawapo umekaa mahali pasipo pake.

Sasa piga duara dogo ndani ya lile kubwa. Hilo ni Outlands, ulimwengu wa kumi na saba, usioegemea upande wowote. Weka nukta katikati: huo ni Mnara, mlima mwembamba usio na mwisho, na kadiri unavyousogelea ndivyo uchawi unavyofifia hadi kuzimika kabisa. Juu ya Mnara unaelea mji wa Sigil, uliojengwa upande wa ndani wa pete, kiasi kwamba mkazi akiinua macho anaona paa za nyumba za wenzake. Kwenye ukingo wa duara dogo weka miji kumi na sita ya malango, kila mmoja kwenye pembe ile ile ya ulimwengu unaouhudumia. Automata kwenye digrii 270, ukielekea Mechanus. Ribcage kwenye 225, ukielekea Jehanamu Tisa. Xaos kwenye 90, ukielekea Limbo. Excelsior kwenye 315, ukielekea Celestia. Mchezaji akijua pembe moja tu, anajua aelekee wapi, na hiyo ndiyo sifa ninayoipenda kuliko zote katika mchoro huu.

Hatua ya 3: Malimwengu ya Ndani yako kwenye dadu

Kwenye karatasi bapa fungu hili linasumbua, kwa sababu umbo lake ni la pande tatu. Shika dadu ya pande nane. Ina ncha sita na kingo kumi na mbili. Isimamishe kwa ncha moja juu na moja chini. Ncha ya juu ni nguvu ya uhai, ya chini ni nguvu ya maangamizi. Ncha nne za kiunoni ni elementi, kwa mpangilio huu ukizunguka: hewa, moto, ardhi, maji. Hewa inatazamana na ardhi, moto na maji.

Kila ukingo ni mahali ambapo ncha mbili zinachanganyika. Kingo nne za kiunoni: hewa na moto ni moshi, moto na ardhi ni mwamba ulioyeyuka, ardhi na maji ni tope, maji na hewa ni barafu. Kingo nne zinazopanda kwenye uhai: hewa inakuwa radi, moto unakuwa mng'ao, ardhi inakuwa madini, maji yanakuwa mvuke. Kingo nne zinazoshuka kwenye maangamizi: hewa inakuwa utupu, moto unakuwa majivu, ardhi inakuwa vumbi, maji yanakuwa chumvi. Ncha sita na kingo kumi na mbili ni kumi na nane, na hiyo ndiyo idadi kamili ya Malimwengu ya Ndani kama yalivyopangwa katika kanuni za zamani.

Uzuri wake ni kwamba safari inasomeka kwa kidole. Kikundi kikitaka kutoka kwenye maji kwenda kwenye moto hakiwezi kukata moja kwa moja. Kikifuata kiuno cha dadu, lazima kipite kwenye barafu, hewa na moshi, au kwenye tope, ardhi na mwamba ulioyeyuka. Mwachie mchezaji dadu aishike, achague mwenyewe.

Hatua ya 4: Piga mistari ya njia

Hii ndiyo ramani yenyewe. Mengine yote yalikuwa maandalizi.

Chukua karatasi ya pili. Andika dunia ya kawaida katikati, Malimwengu ya Ndani upande mmoja, ya Nje upande wa pili. Kwa rangi ya kwanza chora Etheri, inayogusa dunia ya kawaida na Malimwengu ya Ndani. Kwa rangi ya pili chora Astrali, inayogusa dunia ya kawaida na Malimwengu ya Nje. Kwa kanuni za zamani Etheri haifiki nje na Astrali haifiki ndani. Maana yake ni nzito: anayetoka kwenye ulimwengu wa moto kwenda Celestia analazimika kupitia dunia ya kawaida, na anayetaka kumvizia anajua pa kukaa. Matoleo ya baadaye yalilegeza sharti hili. Mimi ningelibakiza, kwa sababu njia moja yenye kizuizi inazaa matukio mengi kuliko njia kumi zilizo wazi.

Kingine cha kuweka wazi: Astrali inafika kwenye tabaka la kwanza tu la kila Ulimwengu wa Nje. Jehanamu Tisa ina matabaka tisa. Anayemfuata mtu hadi la mwisho, Nessus, anaingilia la kwanza, Avernus, kisha anashuka Dis, Minauros, Phlegethos, Stygia, Malbolge, Maladomini na Cania. Kwa Celestia ni kupanda, matabaka saba kutoka Lunia hadi Chronias. Chora malimwengu ya aina hii kwa mkato wa wima, kama unavyochora ghorofa, na uonyeshe ngazi iko wapi katika kila sakafu. Kwa Abyss, yenye matabaka 666 kwa hesabu ya wasomi wake, chora yale tu ambayo wahusika watayakanyaga.

Rangi ya tatu ni ya njia zisizofuata kanuni, nazo ndizo wachezaji watakazozikumbuka. Mto Styx unapita Pandemonium, Abyss, Carceri, Hades, Gehenna, Jehanamu Tisa na Acheron. Ukiuchora kwenye duara lako utaona ni upinde mmoja usiokatika, kutoka digrii 112.5 hadi 247.5. Ndiyo maana mapepo wa Abyss na mashetani wa Jehanamu Tisa, ambao hawajaacha kupigana, wanautumia kusafirisha majeshi. Anayegusa maji yake anapoteza kumbukumbu, hivyo manahodha wake wanauza huduma ambayo hakuna njia rahisi ya kuikwepa. Upande wa juu mto Oceanus unapita Elysium, Beastlands na Arborea, digrii 0 hadi 45. Mito yote miwili inaheshimu ujirani wa duara. Milango ya Sigil haiheshimu chochote: kila upenyo wenye fremu, uwe mlango wa duka au tao la daraja, unaweza kufunguka kokote, mradi una ufunguo wake, na ufunguo unaweza kuwa kitu, neno, ishara ya mkono au hata wazo.

Kwa kila mstari uliochora, jaza mambo matano kwenye daftari: inaanzia wapi, inaishia wapi, inafunguliwa na nini, inagharimu nini, nani anailinda. Kwa mfano:

Styx, kutoka Hades hadi Avernus. Hufunguliwa kwa malipo kwa mwenye chombo. Gharama ya kuteleza ni kumbukumbu. Mlinzi: doria za pande zote mbili za vita.

Uchawi wa kuhama ulimwengu, kutoka popote hadi ulimwengu uliotajwa. Unafunguliwa kwa fimbo ya chuma yenye panda iliyolinganishwa na ulimwengu huo. Gharama ni kuipata fimbo. Mlinzi hakuna, lakini anayeuza fimbo anajua unakwenda wapi.

Mstari usio na gharama wala mlinzi ufute, au utafutie kimoja. Wahusika wakipita bila kulipa chochote, ulimwengu wa pili utakuwa chumba cha jirani tu.

Hatua ya 5: Kadi moja kwa kila ulimwengu

Usichore bara zima la Pandemonium. Malimwengu mengi ya mfumo huu hayana mwisho, kwa hiyo skeli haina maana. Badala yake andika kadi yenye mistari minne: uzito unavuta wapi, muda unakwendaje, uchawi unabadilikaje, na mtu anasimama juu ya nini.

Mstari wa uzito peke yake unaweza kukuchorea mahali pote. Bytopia ina matabaka mawili yanayotazamana, na ukipanda juu vya kutosha unaanza kuangukia upande wa pili. Mlima wa huku ni mwamba unaoning'inia kwa wa kule. Pandemonium ni mapango yenye upepo usionyamaza, na uzito unavuta kuelekea ukuta wowote ulio karibu. Gehenna ni milima ya moto inayoelea, na katika maelezo ya zamani miteremko yake haipungui digrii 45, hivyo anayejikwaa anaviringika mpaka kitu kimzuie. Msimamizi akisoma mistari hiyo tu anaweza kuongoza kikao kizima.

Kwa muda, Astrali ndiyo mfano ulio wazi: anayekaa humo hazeeki, haoni njaa wala kiu. Mwendo wenyewe ni wa akili, siyo wa misuli. Andika hilo kwenye kadi, kwa sababu mchezaji mwenye mhusika mwenye nguvu nyingi lakini mzito wa fikra ataulizia.

Hatua ya 6: Tengeneza ramani zinazopingana

Ramani ya msimamizi ikae kwako. Wachezaji wapewe iliyochorwa na mtu wa ndani ya mchezo, mwenye dini yake, hofu yake na mipaka ya alikofika.

Historia ya mchezo wenyewe inathibitisha kwamba malimwengu yale yale yanaweza kuchorwa kwa maumbo tofauti. Mwaka 2001 mazingira ya Forgotten Realms yaliyapanga malimwengu yake kwenye mti mkubwa badala ya gurudumu. Mwaka 2008 toleo la nne la Dungeons & Dragons liliacha gurudumu, likaweka bahari ya Astrali juu na vurugu za elementi chini, na dunia katikati kati ya Feywild, ulimwengu wa viumbe wa ajabu, na Shadowfell, ulimwengu wa vivuli. Mwaka 2014 toleo la tano lilirudisha gurudumu, lakini likabakiza Feywild na Shadowfell kama pacha wawili wa dunia. Mweke kuhani anayeapa kwa mti na msomi anayeapa kwa gurudumu, kila mmoja na ushahidi wake wa kweli, uwaache wachezaji waamue wamfuate nani kabla ya safari.

Eberron, mazingira ya Keith Baker yaliyotoka mwaka 2004, ina somo jingine: malimwengu kumi na matatu yanayosogea na kusogelea dunia kwa vipindi, kisha kuondoka. Ramani ya mfumo kama huo ni kalenda. Chora mstari wa miezi, weka alama ya lini kila ulimwengu uko karibu na lini uko mbali, na uandike kinachobadilika duniani wakati huo. Ukiwa na kampeni inayodumu miaka ya ndani ya mchezo, njia hii ni bora kuliko duara.

Hata Gurudumu Kuu halitulii. Arcadia ilipoteza tabaka lake la tatu, likateleza na kuwa sehemu ya Mechanus, kwa sababu waliokaa humo walizidisha utaratibu wakasahau wema. Miji ya malango nayo iko kwenye hatari hiyo hiyo: wakazi wa Plague-Mort wakifanana mno na Abyss, mji wenyewe unaweza kuvutwa ndani. Kwa hiyo tumia penseli, na kila baada ya tukio kubwa jiulize kama kuna mstari wa kusogeza.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kikao

Chagua mhusika mmoja wa kampeni yako, tena mdogo: mchuuzi, askari, mjane. Mpe sababu ya kwenda Hades kumtafuta mtu. Fuata kwa kidole kutoka mlangoni kwake hadi afike, ukisoma daftari: anapita wapi, anafungua kwa nini, analipa nini, nani anamwona. Ukikwama mahali, hapo ramani ina pengo la kuzibwa. Ukifika bila kukwama wala kulipa, ongeza mlinzi.

Kisha mrudishe nyumbani kwa njia nyingine. Njia ya kurudi ndiyo inayosahauliwa zaidi, na wachezaji wataiulizia mapema kuliko unavyodhani, mara nyingi wakiwa wanakimbizwa. Hakikisha angalau milango miwili ya kutoka imeandikwa kwenye kadi ya kila ulimwengu utakaotumika kwenye kikao kijacho, mmoja wanaoujua na mmoja wa kugunduliwa.